Mafungu Sabini na Mawili: Kumsoma Ahmed wa Tahar Ben Jelloun kutoka Kigwena

Tahar Ben Jelloun, mwandishi wa Moroko anayeandika kwa Kifaransa, alitoa riwaya yake L'Enfant de sable mwaka 1985. Kwa Kiswahili naweza kuiita Mtoto wa Mchanga. Inasimulia maisha ya binti aliyefanywa mwana wa kiume tangu saa ya kuzaliwa: akapewa jina la Ahmed, akavalishwa mavazi ya wavulana, akafungwa kifua kwa vitambaa alipoanza kukua, akaenda msikitini na babaye, na hatimaye akaoa. Ni rahisi kuisoma riwaya hii kwa swali moja tu: siri itafichuka lini? Swali hilo humkimbiza msomaji hadi ukurasa wa mwisho, lakini kwangu si swali kubwa la kitabu. Mimi nimeisoma kama riwaya ya mirathi, kwa sababu ninatoka Kigwena, katika pwani ya Rumonge, ambako matanga yakiisha linalofuata ni itongo, yaani ardhi ya ukoo, na michikichi iliyo juu yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba vazi la kiume alilovikwa Ahmed halikuivunja kanuni iliyomtisha babaye. Liliitii. Lilimwokoa mmoja, likaiacha kanuni mahali pake, na gharama wakalipa wengine ambao hadithi inawataja kwa haraka. Nitaanza na lugha, kisha hesabu, kisha dada saba wa Ahmed. Baada ya hapo nitaiweka riwaya kando ya visa viwili vinavyojulikana zaidi kwetu Afrika Mashariki, nimalizie katika ardhi ninayoifahamu.

Historia iliyo ndani ya nyumba

Anayetafuta vita, wafalme na tarehe katika riwaya ya kihistoria atakuta vichache hapa. Nchi iko chini ya himaya ya Ufaransa, iliyodumu tangu 1912 hadi 1956, na baba anatangaza gazetini kuzaliwa kwa mwanawe. Zaidi ya hapo historia imo ndani ya kuta: nani anakula kwanza, nani anaingia hamamu ya nani, nani anatoka nje bila kuuliza. Kwa msomaji wa Burundi, nchi iliyokuwa chini ya Ubelgiji hadi 1962, jambo hili halina ugeni. Mkoloni aliandika sheria za barabara na kodi, lakini ndani ya boma desturi ilibaki kuwa hakimu.

Hajji Ahmed Suleiman ni tajiri mwenye mabinti saba. Amezunguka kwa matabibu na waganga bila kupata mwana, na ndugu zake wanaingojea mali yake. Mkewe anapopata mimba ya nane, Hajji anaamua kabla ya kujifungua kwamba mtoto atakuwa mwanamume, hata akizaliwa binti. Wanaoijua siri ni watatu: baba, mama, na mkunga mzee Lalla Radhia aliyeapishwa anyamaze. Anazaliwa binti. Karamu ya kumpa jina inafanywa kwa fahari. Siku ya tohara inapofika, baba anajikata kidole ili damu ionekane.

Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Ujanja wenyewe unachekesha, tena umesimuliwa kwa ucheshi, lakini tone lile la damu lilinikaa kooni. Baba alitoa damu ya kidole mara moja. Tangu siku ile anayelipa ni mtoto, kila siku, kwa mwili wote.

Kifaransa kinafichua, Kiswahili kinasitiri

Mwandishi wa Kifaransa hawezi kuandika sentensi mbili kuhusu Ahmed bila kuchagua kati ya il na elle. Vivumishi navyo vinadai jibu. Ben Jelloun anaucheza mchezo huo kwa ustadi: kwa kurasa nyingi Ahmed ni mwanamume wa kisarufi, kisha mwanamke anaanza kupenya katika maandishi yake ya siri, herufi moja hapa, kiwakilishi kimoja pale. Msomaji anajikuta akilinda siri kwa macho yake mwenyewe.

Nilipowasimulia wenzangu wa darasa hadithi hii kwa Kiswahili, mchezo huo ulitoweka. Alizaliwa, akakua, akasoma Kurani, akashika biashara ya babaye: kiambishi a- hakimtaji mume wala mke. Mmoja wao alinikatiza katikati akaniuliza kama huyu Ahmed sasa ni msichana au mvulana. Nilikuwa nimesema sentensi labda kumi na lugha ilikuwa bado haijajibu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini Kiswahili kilimtunzia Ahmed siri yake hata kuliko mkunga.

Hata hivyo, lugha zetu zina mlango mwingine, na mlango huo ndio ulionipa ufunguo wa riwaya. Ahmed akitaka ndoa, Kiswahili kinageuka mkali ghafla: anaoa au anaolewa? Ngeli haikuuliza jinsia, lakini kauli ya kitenzi inauliza, na inampa mmoja nafasi ya mtendaji, mwingine ya mtendwa. Kirundi ni vivyo hivyo, kurongora na kurongorwa. Tena Kirundi kinaongeza majina ya udugu: mwanamke humwita kaka yake musaza, na mwanamume humwita dada yake mushiki. Ahmed angekuwa anasema Kirundi, kila mara ambapo angemtaja mmoja wa dada zake angekuwa anatoa ushahidi wa uongo juu ya nafsi yake.

Ninachokiona hapa ni hiki. Katika lugha tunazozungumza huku ziwani, mtu akiwa peke yake hana haja ya kutajiwa jinsia. Inaingia anapowekwa kando ya mtu mwingine, katika ndoa, udugu na mgao. Basi kificho kikubwa cha Ahmed hakikuwa kanzu wala vitambaa vya kifuani. Kilikuwa nafasi aliyopewa katika ukoo. Kanzu unaweza kuivua usiku. Nafasi katika ukoo huwezi kuivua bila watu wengine kusogea.

Hesabu ya Hajji

Mhadithi wa riwaya anatueleza sababu ya uongo wote huu. Anasema dini haina huruma kwa mtu asiye na mwana, kwamba inampokonya karibu kila kitu kwa faida ya ndugu zake, na kwamba mabinti hupata theluthi tu ya mali. Yeyote aliyepita madrasa atasimama hapo. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya 11, inawapa mabinti zaidi ya wawili wasio na kaka theluthi mbili. Riwaya imeigeuza hesabu juu chini.

Nilichukua kalamu. Tuseme madeni yamelipwa, wazazi wa Hajji wamekwisha kufariki, na waliobaki ni mke, watoto wanane na ndugu wa kiume wa marehemu. Tuigawe mali katika mafungu 72, kwa sababu namba hiyo inagawanyika bila vipande. Kama mtoto wa nane angeachwa awe binti alivyozaliwa, mke angepata thumni, yaani mafungu 9. Mabinti wanane wangepata theluthi mbili, mafungu 48, sita kwa kila mmoja. Mafungu 15 yaliyobaki yangekwenda kwa ndugu wa Hajji.

Sasa tuingize uongo. Mke anabaki na 9 yake. Mafungu 63 yanayobaki yanagawanywa kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Ahmed anapata 14, na kila dada anapata 7. Ndugu wa Hajji hawapati kitu.

Ulinganisho huu unasema mengi. Mafungu 15 waliyonyang'anywa ami zake hayakwenda yote mahali pamoja. Manane yaliongezwa juu ya sita ambayo Ahmed angeyapata hata akiwa binti. Saba yaliyobaki yalitawanywa kwa dada saba, fungu moja moja. Kwa hiyo jambo lote, kiapo cha mkunga, kidole kilichokatwa, kifua kilichofungwa, miaka yote ya kusema uongo hamamuni na msikitini, lilikuwa kwa ajili ya mafungu 15 kati ya 72. Ni kama sehemu moja ya tano ya mali.

Tena Hajji alikuwa na njia nyingine. Mtu aliye hai na mwenye afya anaweza kuwapa mabinti zake hiba ya nyumba au shamba mbele ya mashahidi, wakakabidhiwa, na ndugu wasiwe na la kusema. Hakuifuata. Suala la kumpa binti nusu ya fungu la kaka yake lina mjadala wake na silileti hapa. Ninauliza kile ambacho kitabu chenyewe kinauliza: baba alikuwa anaokoa nini? Si mabinti wasife njaa, kwa kuwa theluthi mbili za mali ya tajiri zilikuwa zao. Alikuwa anaokoa uso wake mbele ya ndugu waliomcheka. Aibu ilikuwa na uzito kuliko mafungu 15.

Theluthi ile ya mhadithi naweza kuihesabu kama kosa la mwandishi, lakini naona ina maana zaidi nikiisoma kama hofu ya Hajji iliyotiwa kinywani mwa mhadithi. Mwenye hofu hasomi sheria. Husikia anachokiogopa. Lakini hapo hapo ndipo ninapoilaumu riwaya. Kwa kuifanya sheria kuwa jitu lenye kinywa wazi, inampunguzia baba mzigo. Msomaji asiyejua mirathi ya Kiislamu atamaliza kitabu akiamini kwamba Hajji hakuwa na la kufanya. Alikuwa nalo.

Dada saba

Katika riwaya dada saba wanatajwa kama kundi. Wapo nyuma ya mlango, wapo jikoni, wapo mezani baada ya wengine. Msomaji hamwoni mmoja wao akiwa na hamu yake, hasira yake au mchumba wake. Mara ya kwanza niliwapita kama mwandishi alivyowapita. Niliporudia kusoma, niliwatafuta wao tu, na kitabu kikawa kingine.

Kuna mahali Ahmed, akiwa sasa mkubwa wa nyumba, anawakusanya dada zake na kuwaambia kwamba kuanzia siku ile yeye si kaka yao tena bali ni mlezi wao, na kwamba wanawajibika kumtii. Anaongeza kwamba mwanamke yuko chini katika nyumba yao kwa sababu amekubali kuwa chini. Hakuna maneno makali kuliko hayo katika kitabu kizima, na anayeyasema ni mwanamke. Ni yeye peke yake kati ya wanane aliyeonja pande zote mbili. Angeweza kuwa shahidi wao. Akawa askari wao.

Hapa ndipo niliposhindwa kumhurumia Ahmed kwa moyo mzima, ingawa nilitaka. Mwili wake uliteswa na mtu mwingine, hilo ni kweli. Lakini madaraka aliyapenda, na riwaya ina uaminifu wa kutuonyesha hivyo. Anamkabili baba yake na kumwambia, kwa maana, kwamba amemfanya mwanamume na hivyo lazima amwache awe mwanamume hadi mwisho, ndoa ikiwemo. Fungu moja ambalo kila dada aliongezewa na ule uongo lilikuja na bwana mpya juu yake. Ni biashara mbaya.

Anayemwoa ni Fatima, binti ya ami yake, kilema na mwenye kifafa, ambaye familia yake haikumtazamia mume. Ahmed anamchagua kwa sababu anadhani hatauliza. Fatima anamwambia kwamba amejua tangu zamani yeye ni nani, anamwita dada, na anamwambia amekuja afe karibu naye. Katika kitabu chenye siri nyingi, huyo aliyedharauliwa kuliko wote ndiye aliyeona bila kuambiwa. Alipofariki nililia, na siyo kawaida yangu kulilia wahusika. Nadhani nililia kwa kuwa ni yeye tu aliyempa Ahmed jina la udugu lisilo la uongo, na alimpa bure, bila fungu lolote la mali.

Mavazi mengine mawili

Wasomaji wa Kiswahili wamezoea mwanamke aliyejificha katika nguo za kiume kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969. Portia ni tajiri kwa urithi, lakini marehemu baba yake ameufunga urithi huo na ndoa yake ndani ya visanduku vitatu. Hawezi kumchagua mume. Anayekisia kisanduku sahihi anamchukua yeye na mali. Baadaye Portia anavaa joho la mwanasheria, anaingia mahakamani Venisi na kumwokoa Antonio kwa akili ambayo hakuna mwanamume pale aliyekuwa nayo. Darasani huwa tunampigia makofi. Lakini tumtazame anapotoka. Analivua joho, anarudi nyumbani, mali yake imekwisha kuwa ya Bassanio, na kesho yake mwanamke mwingine akifika kwenye mlango wa mahakama ile atarudishwa. Joho lilimwokoa Antonio. Mlango ulibaki ulivyokuwa.

Kisa cha pili ni cha kweli na kimetokea Unguja, na kinageuza mambo: aliyejificha ni mwanamume katika nguo za kike. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, anakisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Baada ya Sultani Said kufariki mwaka 1856, kaka yake Salme aitwaye Barghash alijaribu mwaka 1859 kumpindua Majid. Nyumba yake ilizingirwa na askari. Dada zake, Salme na Khole miongoni mwao, walikwenda usiku, wakaingia, wakamfunika Barghash kwa mavazi ya kike yaliyoacha macho tu, wakamtoa katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisionekane. Askari waliwapisha kwa heshima. Heshima ile ile iliyowazuia wanawake wasionekane ndiyo iliyompitisha mwanamume.

Miaka ikapita. Salme alitoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, akaishi Hamburg na jina la Emily. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na meli za kivita za Ujerumani akidai urithi wake. Sultani wa siku hizo alikuwa nani? Barghash, yule aliyevishwa nguo za dada zake. Hakumpa alichodai. Zilikuwapo sababu za dini na za siasa, kwa kuwa Salme alikuwa amebadili dini na alikuwa amekuja chini ya bendera ya taifa lililoitamani pwani. Hata hivyo, nikisoma visa hivi viwili pamoja naona mtu anayeweza kuingia ndani ya nguo za mwanamke, akaokoka kwa nguo hizo, na akatoka bila kujifunza lolote kuhusu wanaozivaa kila siku.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Katika visa vyote vitatu, nguo ya kuazima ilisitiri vizuri mno. Ilimsitiri Ahmed miaka, Portia siku moja, Barghash saa chache. Kilichobaki uchi ni kanuni, na hakuna aliyeitazama.

Jina juu ya karatasi

Kutoka Marrakech, Venisi na Unguja hadi Kigwena ni mbali, na sipendi uhakiki unaomvuta kila mwandishi kwa nguvu hadi kijijini kwa mhakiki. Lakini swali la mirathi ndilo lililonipa macho ya kumsoma Ahmed, basi ni haki niseme lilikotoka.

Ardhi ya pwani yetu ina majeraha. Mwaka 1972, kufuatia maasi yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac mwezi Aprili na mauaji yaliyofuata nchini, watu wengi walivuka kwenda Tanzania, na wengi wao wakakulia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nyuma yao ardhi zilipewa wengine. Walipoanza kurudi kwa wingi baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, mchikichi mmoja ulikuwa na wenyewe wawili, na mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine kusikiliza madai. Katika madai hayo ilisikika zaidi sauti ya baba na mwana. Binti wa marehemu alikuwa shahidi wa mipaka: alijua mti gani alipanda babu, lakini hakuitwa mrithi.

Sheria yetu ya watu na familia ya mwaka 1993 haikupanga mirathi. Katiba inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria, na muswada wa mirathi umezungumzwa miaka mingi bila kuwa sheria. Kwa hiyo desturi ndiyo inayogawa. Mahali pengi binti hupewa igiseke, kipande cha kulima akiwa hai, kisicho chake cha kuuza wala kurithisha. Binti wa Kiislamu wa Kigwena ana hesabu mbili kichwani, ya An-Nisaa na ya ukoo, na siku ya mgao wazee huchukua ile inayompa kidogo.

Kuna mama mmoja ninayemheshimu sana, muuza ndagala. Alinunua shamba dogo la michikichi kwa pesa yake ya ndagala, siyo ya mume wala ya baba. Jina lililoandikwa katika hati ni la mwanawe wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa bado shule ya msingi. Nilimuuliza: "Mama, mbona hukuandika jina lako?" Akanijibu: "Mwanangu, jina la mwanamke wanalipindua siku ya matanga. La mtoto wa kiume hawaligusi."

Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 haimkatazi mwanamke kuandikisha shamba alilonunua. Kama Hajji, mama huyu anaiogopa kanuni iliyo kubwa kuliko ile iliyoandikwa. Tofauti ni kwamba hofu yake ina ushahidi, ameuona mgao wa majirani. Simlaumu. Amefanya kile alichofanya Hajji, lakini kwa wino badala ya vitambaa: amelivisha shamba lake nguo ya kiume ili lipite salama katikati ya wajomba na baba wadogo. Ila ana mabinti watatu, wote wakubwa kuliko kijana huyo. Wao ndio waliokuwa wakianika ndagala pamoja naye. Niliposoma hotuba ya Ahmed kwa dada zake, niliwaona hao watatu. Kijana wao ni mpole leo. Siku akikua akakuta kila kitu kina jina lake, nani atamzuia asijione kuwa mlezi wao?

Ndiyo maana nasema vazi la kujificha huitii kanuni. Kila shamba linaloandikwa kwa jina la mvulana ili liokolewe linaongeza ushahidi kwamba mashamba ni ya wavulana. Wazee wa kesho watafungua daftari, wataona majina ya kiume tu, na watasema: mnaona, hivi ndivyo ilivyokuwa daima.

Miisho mitatu na mmoja unaokosekana

Pamoja na lawama zangu, Mtoto wa Mchanga ni kitabu ninachowasihi wenzangu wakisome. Nguvu yake kubwa ni kwamba kinakataa kumaliza. Mhadithi wa uwanjani Marrakech anatoweka na kufa kabla ya kufika mwisho, na wasikilizaji watatu, Salem, Amar na Fatouma, kila mmoja anatoa mwisho wake. Wanaume wawili wanampa Ahmed mwisho kwa kumtazama kutoka nje. Fatouma, mwanamke pekee kati yao, anasimulia maisha yake mwenyewe, naye amewahi kuvaa nguo za kiume, na msomaji anabaki akijiuliza kama aliyekuwa akitafutwa hakuwa ameketi hapo hapo akisikiliza. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za jioni tunalijua jambo hilo: anayenyamaza katika duara la wasikilizaji mara nyingine ndiye mwenye kisa.

Mwaka 1987 Ben Jelloun alitoa La Nuit sacrée, mwendelezo uliompa tuzo ya Goncourt. Humo baba, katika usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani, anamfungulia binti yake kabla ya kukata roho na kumwita Zahra. Zahra anavizika vitu vya Ahmed kaburini kwa babaye. Msomaji anapumua. Lakini dada wanarudi. Wanamfuata gerezani, na wanamkeketa. Ni ukurasa mgumu, na siutetei ukatili wao. Ila kwa mwandishi aliyewaacha nyuma ya mlango katika kitabu kizima cha kwanza, naona ni kama deni lililodai kulipwa: waliokosa sauti wanaingia na wembe, na hata hapo bado hatuambiwi walichokuwa wakikihisi miaka yote.

Kwa hiyo kuna riwaya ambayo bado haijaandikwa, ya dada mkubwa wa Ahmed. Yeye alikuwepo siku ya karamu ya jina. Alikuwa na umri wa kuelewa. Huenda alimfulia nduguye nguo na akaona alichokiona. Ningependa iandikwe kwa Kiswahili, ambacho kiambishi chake kingeitunza siri mpaka mwandishi atakapotaka, na ningependa isianze na kuzaliwa kwa Ahmed. Ianze siku ya mgao, mkeka umetandikwa, mafungu 72 yamehesabiwa kwa sauti, na dada huyo amekaa karibu vya kutosha kusikia la kwake ni lipi.